Neno Hutangulia Risasi

Kila mwanafunzi anapowamiminia wenzake risasi nchini Marekani, lawama huelekezwa kwa michezo ya kompyuta. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mauaji ya shule ya Columbine, jimboni Colorado, Aprili 1999. Ilipobainika kwamba vijana wawili waliotenda unyama ule waliupenda mchezo uitwao Doom, wengi waliona wamempata mkosaji.

Mimi sikubaliani nao. Vijana wa Japani nao huicheza michezo ya vita, lakini huko raia hapati bunduki kwa urahisi, na mauaji ya aina hii ni nadra mno.

Mwaka 2002, kikosi kinachomlinda Rais wa Marekani, pamoja na Wizara ya Elimu, kilitoa ripoti kuhusu mashambulizi 37 ya shuleni yaliyotokea kati ya 1974 na 2000. Asilimia 12 tu ya washambulizi walivutiwa na michezo ya kompyuta yenye ukatili. Asilimia 37 waliudhihirisha ukatili katika maandishi yao wenyewe, yaani insha, mashairi na shajara. Asilimia 68 walipata silaha kwao nyumbani au kwa jamaa. Katika asilimia 81 ya visa hivyo, kulikuwa na mtu aliyejua mapema, aghalabu mwanafunzi mwenzao.

Basi neno hutangulia risasi. Mwaka 2021, katika shule moja ya Michigan, mwalimu aliona kwenye karatasi ya hesabu ya mwanafunzi mchoro wa bastola na maneno ya kuomba msaada. Wazazi waliitwa, lakini mkoba haukupekuliwa, na kijana akarudi darasani. Siku hiyo hiyo aliwaua wenzake wanne kwa bastola aliyonunuliwa na babaye. Mwaka 2024 wazazi wote wawili walifungwa miaka 10 hadi 15. Wahenga walisema mtoto akililia wembe apewe. Hawakuwa wameiona bastola.

Kwetu Kenya silaha ya mwanafunzi imekuwa kiberiti. Kule Kyanguli, mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni lililochomwa makusudi. Silaha ni tofauti, wajibu ni ule ule. Mzazi afungie kinachoua. Mwanafunzi anayesikia tishio aseme, wala asiitwe msaliti. Nasi walimu, tunaposahihisha insha inayonuka damu, tusiishie kupigia mstari makosa ya sarufi. Tumwite mwandishi, tumsikilize.