Kanzidata ya Duka Lako Iko kwa Gmail ya Nani?

Wakuu, naona wengi humu sasa mnataka aplikesheni ya duka, mmechoka kujibu "bei gani" siku nzima. Sawa kabisa. Mafundi wengi siku hizi wanatumia Flutter, kazi moja inatoka Android na iPhone, halafu bidhaa, oda na namba za wateja zinakaa Firebase ya Google. Sina ugomvi na hilo, hata mimi natumia hiyo hiyo.

Ninachokataa ni fundi kufungua Firebase kwa Gmail yake, eti "nitakukabidhi baadaye". Aplikesheni ni sura tu, mali iko kwenye kanzidata. Mkigombana naye, au akapotea tu hewani, huna pa kuingilia. Fungua mwenyewe kwa Gmail ya biashara, kuanza ni bure. Kisha mwalike fundi aweze kuhariri, umiliki ubaki kwako. Akikataa, mimi ningetafuta mwingine.

Linalonikera zaidi ni kufuli. Ukianzisha kanzidata ya Firestore kuna chaguo la hali ya majaribio. Kwa siku 30 mtu yeyote akijua mradi wako anaweza kusoma na kufuta kila kitu. Siku zikiisha inajifunga, aplikesheni inagoma, wateja wanapiga simu. Fundi mvivu hapo anaiacha wazi moja kwa moja. Duka linarudi hewani, wewe unamshukuru, kumbe namba za wateja na mahali wanapoishi viko barazani. Na jamani, Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023. Mteja alikupa namba wewe, hamjui fundi wako.

Kuangalia ni rahisi: ingia Firebase, fungua Firestore, bonyeza Rules. Ukikuta "allow read, write: if true", mlango uko wazi. Inavyotakiwa, bidhaa asome kila mtu, bei ubadilishe wewe tu, oda aione aliyeiweka na wewe.

Halafu bili. Bure ni kusoma mara 50,000 kwa siku. Una bidhaa 500, fundi anazivuta zote kila mtu anapofungua? Wateja 100 wameshamaliza, pengine hata saa sita mchana haijafika. Mwambie avute 20 20, mteja akishuka chini ndiyo zije nyingine.