Samaki ya mu televizio haina harufu

Jioni, kisha habari, njo saa ya kuuza. Mu televizio tunaona kartoni ya mapaja ya kuku, samaki tomson zimepangwa muzuri kama matofali, mufuko wa bunga wa kilo 25, bido ya mafuta yenye kungaa. Muziki inalia, mwenye kutangaza anacheka, na chini namba ya simu inapita polepole ili kila mutu aiandike. Unaita, unatuma feza na simu, na kisha saa moja ao mbili mutu wa pikipiki anafika ku mulango na kartoni. Kwetu Likasi, biashara hii inatafuta zaidi nyumba za watu wa mugodi, juu kule kuko mushahara wenye kuingia mwisho wa mwezi.

Mimi siseme kama ni biashara mubaya. Mutu mwenye anapanda bisi ya kazi asubui giza ikingali kwenda Kambove, na anarudia usiku, atafika ku soko saa ngapi? Na ule mwenye iko ku kambi ya Fungurume juma mbili ao tatu, bibi na batoto wanabakia Panda ao Kikula, yeye anaona kartoni mu televizio ya kantini, anasema: wacha nitumie wangu kitu. Ni upendo ule. Lakini angalia muzuri namna mambo inapita. Papa analipa kule Fungurume. Mama anapokea huku Panda. Mama anafungua kartoni, anasikia harufu yenye haiko ya kawaida, anatoka inje, na mutu wa pikipiki amekwisha kwenda zamani: «Papa alisha kulipa, mama.» Mwenye kulipa haone, na mwenye kuona halipe. Katikati yao, muuzaji iko na feza yake mu mufuko.

Tena mama hatamuambia papa. Ataogopa kumuvunja moyo. Atasafisha ile samaki na ndimu na chumvi, atakaanga muda murefu, atatia pilipili mingi, na batoto watakula.

Wazee wa Union Minière na wa Gécamines wanakumbuka posho. Bunga, madesu, samaki, mafuta, vyote vilikuwa vinatoka ku kampani. Posho ilikuwa na matata yake pia, tusiisifu kupita kipimo. Lakini kama bunga iliharibika, kambi nzima iliona siku moja, na wote walijua mulango gani wa kupiga. Leo kila nyumba inanunua peke yake. Kama kartoni imeoza, ni nyumba moja tu inajua, na nyumba ile inanyamaza juu ya haya. Muuzaji wa samaki mubaya anaishi sababu ya haya ile.

Ku soko mama anafungua shavu ya samaki aone kama ndani iko nyekundu. Anabonyeza nyama na kidole, aone kama inarudia. Ananusa. Anaangalia pia uso wa mwenye kuuza, na kesho akipata tumbo anajua pa kumurudilia, meza ya tatu karibu na wauzaji wa lengalenga. Televizio inakamata ile yote inaweka pembeni, inabakisha picha na bei. Na picha ile, ndugu musomaji, ni ya samaki ingine. Haiko ile yenye itafika kwako.

Watu walianza kuuza namna hii na vitu visivyooza. Mu Marekani, mwaka 1977, redio moja ya Clearwater, mu Florida, iliuza vifungua-mikebe 112 kwa wasikilizaji wake. Mutu mwenye alikosa kulipa redio feza za tangazo aliwapa vile vitu pa fasi ya feza. Njo ilizaa televizio za kuuza za Marekani. Mu Ufaransa, TF1 ilianza vipindi vya namna ile mwaka 1987. Kifungua-mikebe kikikaa mwezi mu depo, ni kile kile. Tomson ikikaa masaa tu inje ya barafu, haiko tomson tena ile.

Na tomson inatoka mbali. Mingi inavuliwa mu bahari ya Namibia, inagandishwa, kisha inapanda kamio ku Walvis Bay, inakatiza Zambia, inaingia Kasumbalesa, inapita Lubumbashi, na kutoka Lubumbashi mpaka kwetu tena kilometri 120 hivi. Ni zaidi ya kilometri 2 000 yote pamoja. Kule kote inaomba ibakie ku digri 18 chini ya zero. Kama kamio inalala siku tatu ku mupaka na mashini ya baridi imezimwa juu ya kulinda mazutu, samaki inalainika. Kisha inafika ku depo, inagandishwa tena, na macho ya mu televizio haiwezi kujua.

Hapo kwetu SNEL inaongeza yake. Delestaji inakuja, kongelateri inanyamaza usiku muzima, asubui umeme unarudia na samaki inaganda upya. Mwenye depo mwenye roho safi ananunua jenereta. Mwingine anahesabu bei ya mazutu, anaona afazali kuuza haraka, na kuuza haraka njo kutangaza mu televizio kwa bei ya chini. Kwa hiyo kama bei inashuka sana kuliko ya soko, mimi ninauliza kwanza: kongelateri yake ilizimwa siku ngapi?

Wengi wetu tunajitia nguvu na neno moja: moto inaua yote. Kwa microbe mingi, ni kweli. Chakula yenye imepikwa mpaka ndani kabisa, ku digri 70 ao zaidi, inasaidia sana. Lakini samaki za namna ya tomson na makrele zikikaa fasi ya joto, microbe inatengeneza mu nyama yake kitu kinaitwa histamine. Kile, moto hakiondoe. Kukaanga hakiondoe, kukausha na moshi hakiondoe, kugandisha tena hakiondoe. Mutu anakula, na kisha dakika chache ao saa moja hivi uso unakuwa nyekundu na moto, kichwa kinauma, ngozi inawasha, moyo unapiga mbio, mara ingine anatapika. Watu wanasema wamemuloga, ao ni samaki «haipatane na damu yake». Kumbe ni baridi yenye ilikatika mu njia. Kama samaki inachoma ulimi kama pilipili na weye haukutia pilipili, itupe. Usiipe imbwa pia.

Juu ya imbwa, tuseme habari ya bunga. Mwezi wa munane 2024, mu Zambia, imbwa karibu 400 zilikufa, na watu wakafikiria ni bunga ya mahindi yenye zilikula. Waziri wa afya wa kule, Elijah Muchima, alitangaza kama walipima bunga ya kampani 25 za kusaga, na karibu nusu yao walikuta aflatoxine kupita kipimo. Aflatoxine ni sumu ya ukungu, yenye kuota ku mahindi yenye iliteswa na ukame ao ilibebwa ikingali na maji. Haina harufu, na kupika bukari hakuiondoe. Kama ni mingi sana inaua: mu Kenya, mwaka 2004, ku upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waligonjwa na 125 walikufa. Kama ni kidogo kidogo kila siku, inaharibu maini polepole, na tunajua nani anakula bukari kila siku.

Sababu gani ninasema habari ya Zambia mu gazeti ya Likasi? Juu mifuko ile ya kilo 25, «Breakfast» na «Roller», njo tunakula hapa. Hata wakati Zambia inakataza kuuza mahindi inje, mufuko unapita Kasumbalesa usiku juu ya baiskeli, na mufuko wa baiskeli hauonane na OCC. Kisha kuko wenye wanafungua mufuko, wanachanganya bunga ya zamani na mupya, wanashona tena. Mu televizio mufuko unaonyeshwa kwa mbele, fasi kuko picha muzuri ya mahindi. Weye omba kuona mushono wa juu na tarehe. Uzi wa kiwanda ni mumoja, umenyooka. Uzi wa mukono unaonekana.

Nyama za mufuko, polony na soseji, nitazipita mbio, lakini tusisahau 2018. Mu Afrika ya Kusini listeria ilitoka mu kiwanda kimoja cha polony ku Polokwane, watu kupita elfu moja waligonjwa, kupita 200 walikufa, na wengi mu wale walikuwa batoto wenye walizaliwa sasa hivi. Microbe ile inakomaa hata ndani ya frigo. Polony inaletwa na pikipiki mu jua ya mwezi wa kumi, na mama mwenye mimba anaila baridi na mukate… haiko muchezo. Ipike kwanza.

Sasa maandiko ya ku paketi. Yenye kutoka Ufaransa ao Ubelgiji inaandika «à consommer jusqu'au»: kisha siku ile, basi, hakuna mazungumzo. Kama imeandika «à consommer de préférence avant», kama mu biskuti ao mu mucele, kisha siku ile ladha inaweza kupunguka lakini haiko lazima sumu. Yenye kutoka Zambia na Afrika ya Kusini inaandika «Use by» kwa ile ya kwanza na «Best before» kwa ile ya pili. «EXP» ni tarehe ya mwisho. «MFD» ao «PROD» ni tarehe yenye ilitengenezwa, na kuko wauzaji wenye wanakuonyesha ile juu ya kukudanganya. Tarehe yenye imefutwa na petroli inabakia na doa. Tarehe yenye imebandikwa na karatasi juu ya ingine, ibandue.

Na bido ya mafuta: sisi watu wa mugodi tunajua kuliko wengine nini inabebwa mu bido na mu fute za buluu. Ile yenye ilibeba aside ao dawa ya kusafisha mawe, hata ukiiosha mara kumi, haiwe tena ya chakula. Tangazo yenye inasema «bido ya lita 20 bila kiwanda», mimi ninabadilisha shene.

Kuko watu watasema: serikali iko wapi? Iko. OCC iko tangu 1974 na kazi yake ni kupima vitu vyenye kuingia. Katiba, ku artikle 47, inasema haki ya afya na ya chakula salama inalindwa. Tangu mwezi wa tatu 2023 tuko na Code du numérique, yenye kugusa biashara ya simu na intaneti. CSAC inachunga televizio. Lakini ajente wa OCC anaonana na kamio ku mupaka. Haonane na kartoni yenye ilifunguliwa ku depo ya mu avenue na kuuzwa kwa vipande. Pale njo shimo, na biashara ya televizio inapita mu shimo lile. Huduma ya hygiène ya muji inapita ku meza za bamama wa soko, inawatoza, inawafukuza juu ya inzi. Kwa muuzaji wa televizio haipite, juu hana meza. Sioni haki pale.

Mimi ningeomba televizio zetu kitu kidogo: wasipokee tangazo ya chakula kama mwenye kuuza haonyeshe fasi depo yake iko, avenue na namba, na karatasi ya OCC ya kartoni ile. Muuzaji mwaminifu hatalia, ile itamusaidia, juu leo anashindana na mutu mwenye hana hata mulango. Delegasio ya wafanyakazi pia, wenye wanasumbuana na kampani kila mwaka juu ya feza ya chakula, wangeuliza chakula gani feza ile inanunua, na wangeandika majina ya wauzaji wenye walileta vitu vyenye kuoza, wayabandike fasi watu wanangojea bisi.

Mbele ya ile yote, mu nyumba munaweza kupatana leo jioni. Papa wa Fungurume aagize, lakini asitume feza. Kartoni ifike Panda, mama aifungue mbele ya mutu wa pikipiki: aone kama barafu ya chini imekuwa bloko moja yenye rangi ya damu, kama samaki zimejikunja na kubandikana, kama mapaja yanaogelea mu maji nyekundu. Asome tarehe kwa sauti mu simu. Akisema ndiyo, papa anatuma, simu ya muuzaji inalia, inaisha. Ni dakika tano. Na mama akisema hapana, papa asimuulize mara mbili.