Simba wa Kreta wanatafuta bwana harusi

Hebu nijibu kwa ukweli, mpenzi msomaji. Wewe uliyezaliwa Temeke, ukasoma Temeke na sasa unapigana na maisha hapo hapo Temeke, simba umemwona wapi? Jibu lako nalijua. Kwenye noti ya shilingi 2,000, na kwenye jezi nyekundu siku ya mechi. Basi, imetoka hiyo. Mtasha anapanda ndege huko kwao, anakuja kumwangalia simba wetu, anarudi kuwasimulia wajukuu. Sisi wenye simba tunamwona kwenye runinga, tena anasimuliwa kwa Kiingereza.

Mimi na washikaji zangu wa kijiweni tulisema safari hii hapana. Tukacheza upatu, watu sita, wanaume wanne na masista wawili, miezi minane bila mtu kuleta longolongo. Mshiko ulipotimia, hao tukapanda basi la Arusha. Safari ya basi siisimulii, mnaijua. Pale Arusha tukakodi Land Cruiser yenye paa la kufunguka pamoja na dereva wake, mzee mmoja wa Kichaga aliyeanza kuzungusha watalii kabla baadhi yetu hatujazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Huyu dada naye anakwenda Ngorongoro na hiyo sketi?"

Tulicheka mpaka Mto wa Mbu, tulikosimama kununua ndizi nyekundu. Tukapita Karatu, tukaingia lango la Loduare. Wakati tunakwenda, Mtanzania mtu mzima alikuwa analipa shilingi 10,000 ukiacha VAT. Rudia tena kusoma: elfu kumi! Jumamosi moja ya bia na nyama choma inakula zaidi ya hapo. Kinachouma ni gari, mafuta na kitanda, lakini hayo nitayafikia.

Toka langoni barabara inapanda msituni, ukungu umetanda, mpaka unatokea ukingoni. Mzee akasimamisha gari, akasema, "Haya shukeni." Jamani! Mimi nimemaliza kidato cha nne, jiografia nilisoma, nilijua kreta ni mlima wa volkeno ulioporomoka ndani kwa ndani miaka zaidi ya milioni 2 iliyopita. Lakini kitabu hakikuniambia kwamba nitasimama pale nikose la kusema. Chini, mita kama 600, kuna uwanda wa kilomita za mraba 260 hivi, una ziwa lake, msitu wake na mawingu yake yenyewe. Tembo anaonekana kama punje ya mchele. Na ile baridi! Ukingo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Dada wa sketi akaomba shuka la Kimasai bila kuuliza bei.

Loji tuliyofikia siitaji jina. Tumeingia mapokezi na mabegi yetu, binti wa pale akatutazama mara moja, akasema kwa upole kabisa, "Madereva wanalala upande wa nyuma, kaka." Sita sote madereva wa gari moja! Sista wetu mmoja, yule asiyekubali kuonewa, akatoa risiti taratibu akailaza mezani. "Wageni ni sisi, dada. Dereva ndiye huyo mzee, naye ana njaa." Binti akaona aibu, tukaletewa juisi, yakaisha. Lakini siwezi kumlaumu peke yake. Amezoea. Ukumbi mzima wa chakula usiku ule, Waswahili tuliokuwa tumekaa mezani tulikuwa sisi tu, wengine wote walikuwa wamebeba sinia.

Chakula bomba, supu ya moto, unajipakulia mpaka uchoke. Vyumbani wanakuwekea mpira wa maji ya moto chini ya blanketi. Mshikaji mmoja hakuambiwa. Akaingiza mguu, akagusa kitu laini chenye joto, akatoka nje na bukta anapiga mayowe ya nyoka. Kasheshe.

Mayowe yale ndiyo yaliyonikutanisha na askari wa loji, morani wa rika langu, ambaye kazi yake ni kuwasindikiza wageni usiku kwa tochi, maana nyati na tembo wanapita hapo hapo bustanini. Yeye rungu mkononi, mimi koti la kuazima. Tukapiga stori. Nikamwambia kesho tunashuka kumwona simba, nina hamu sana.

"Wewe unamfuata simba, kaka," akasema. "Sisi kwetu anakuja mwenyewe."

Akanieleza. Kwao ni upande wa magharibi, kule chini linakoanza joto. Mwaka mmoja simba waliingia bomani usiku, wakaua ng'ombe wawili wa baba yake. Ng'ombe mmoja alikuwa ada ya mdogo wake. Nikamuuliza kama lile swali la kijinga la mtu wa mjini: sasa mkafanyaje? Akanimulika tochi usoni.

"Wewe ukiibiwa bodaboda yako ndani ya uzio wako, unafanyaje?"

Nikanyamaza. Huku kwetu mwizi wa bodaboda tunajua anafanywaje.

Asubuhi na mapema tukashuka kwa barabara ya Seneto. Nyumbu, pundamilia, nyati, faru mweusi mmoja kwa mbali kama jiwe. Twiga hakuna hata wa dawa, kuta ni kali mno kwake. Halafu tukawakuta simba. Jike watatu na dume mmoja, wamejimwaga. Dume akainuka kivivu, akasogea mpaka kwenye gari letu, akajilaza kwenye kivuli cha tairi. Kutoka dirishani unahesabu inzi usoni kwake. Gari zima pumzi imekata.

Sista akanong'ona, "Huyu ndiye mfalme? Mbona kama mlinzi wa zamu ya usiku?"

"Simba analala mpaka saa 20 kwa siku," mzee akamjibu. "Lakini ninyi mtazameni vizuri huyo baba. Huyo na wake zake ni ndugu."

Tukadhani utani. Mzee hakuwa na utani. Akaanza kutupa kisa cha mwaka 1962, na niliporudi Dar nilikwenda kukitafuta kwenye maandishi ya wataalamu nikakikuta kama kilivyo. Mwaka ule, baada ya mvua kubwa, kreta ilijaa inzi wanaouma, aina inayoitwa Stomoxys. Waliwatafuna simba mpaka wakawa vidonda vitupu, wakashindwa hata kuwinda. Simba waliokuwa kama 70 wakabaki 10 hivi. Baadaye madume saba wakaingia kutoka nje, wakaoa, mambo yakaenda. Halafu mlango ukafungwa. Ripoti ya mwaka 1991 ya Craig Packer na wenzake ilieleza kwamba simba wote wa kreta wa wakati huo walitokana na mababu 15 tu, na kwa miaka 25 hivi hakuna dume mgeni aliyepata jiko mle ndani.

Sasa masista wazibe masikio. Mwaka 1987 wataalamu walishapima mbegu za kiume za madume wa kreta wakalinganisha na za wenzao wa Serengeti. Za kreta zilikuwa na kasoro nyingi zaidi. Ndiyo hivyo. Manyoya ya shingo kama ya Bob Marley, lakini ndani kuna matatizo ya kuoana watoto wa baba mkubwa na mdogo.

Na wakiugua, wanakwenda wengi kwa mpigo. Mtanzania mwenzetu Bernard Kissui pamoja na huyo huyo Packer waliandika mwaka 2004 kwamba simba wa kreta walianguka mwaka 1962, kisha 1994, 1997 na 2001, na waliona maradhi ndiyo yanayowazuia wasijae, wakati chakula kipo tele. Ule wa 1994 ulikuwa mwaka mbaya hata Serengeti. Ugonjwa wa mbwa, huyu huyu mbwa wa kawaida anayelala nje ya nyumba, uliua kama theluthi nzima ya simba wa kule. Ndiyo maana vijiji vya kuzunguka hifadhi mbwa huchanjwa. Chanjo ya mbwa koko inamlinda mfalme, nani angefikiri?

Tulisimama kula kwenye chemchemi ya Ngoitokitok. Nawapa angalizo la bure: msile nje. Mwewe alishuka kutoka mbinguni akachukua paja la kuku mkononi mwa mshikaji kabla hajalionja. Huyo huyo wa mpira wa maji ya moto. Kuna watu wana nyota.

Tukiwa tumejifungia garini ndipo nilipouliza swali ambalo nadhani na wewe unalo. Kama wanahitaji damu mpya, na Serengeti ya simba wengi iko jirani hapo tu, kwa nini mabwana harusi hawaji? Ukuta wa kreta simba anaupanda. Mzee akasema shida ni mbili. Ya kwanza, madume wenyeji hawataki mkwe, wanapigana mpaka mtu afe. Ya pili ni njiani. Dume kijana akifika miaka miwili, mitatu hivi, anafukuzwa kwao na anaanza kutangatanga. Akitokea pande za Ndutu kuja kreta anakatisha katikati ya malisho na maboma ya watu. Maana Ngorongoro sio kama Serengeti. Tangu mwaka 1959, Wamasai walipohamishwa Serengeti, hii ni ardhi ambayo kwa sheria mtu, ng'ombe na mnyama pori wanakaa pamoja, zaidi ya kilomita za mraba 8,000. Bwana harusi ana njaa, hana kundi la kumsaidia kuwinda, anakutana na ng'ombe amesimama tu. Unadhani atafanya nini? Na baba wa ada ya shule naye atafanya nini?

Mkuki, au sumu. Sumu ni mbaya zaidi, inaondoka na fisi, mbweha na ndege wote wanaokula mzoga ule.

Nikamkumbuka morani wangu wa tochi. Simba niliyekuwa napiga naye picha ya kuuza sura alikuwa anamtegemea yule jamaa, au mdogo wake, aamue kuacha mkuki ukutani. Hakuna aliyetwambia hilo mapokezi. Kwenye vipeperushi vyao vya rangi kuna simba, kuna jua linazama, kuna Mmasai anaruka. Ng'ombe aliyeliwa hayumo.

Lipo kundi linaloifanyia kazi njia hiyo, linaitwa KopeLion, lilianza mwaka 2011. Limeajiri vijana wa pale pale, na wengine kati yao zamani walikuwa wawindaji wa simba hasa. Wanaitwa ilchokuti, neno la Kimasai la wachungaji. Kazi yao naipenda kwa sababu haina mbwembwe. Simba wachache wamevishwa kola shingoni, vijana wanafuata nyayo na alama, wanawapigia wachungaji: leo yuko korongo fulani, pelekeni ng'ombe upande mwingine. Ng'ombe akipotea jioni wanamtafuta kabla ya giza. Boma likiwa bovu wanasaidia kuliziba. Mnyama akijeruhiwa wanamtibu. Simba wameanza kuonekana tena sehemu za katikati walikokuwa wametoweka.

Najua kuna mtu anasema moyoni, si wahamishwe tu hao watu? Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikihamishia familia Msomera kule Handeni, wapo waliokubali na wapo waliokataa kabisa. Mimi sio mwanasheria. Ila nimeona hivi: aliyetembea kilomita zote zile na mkuki begani bila kuutumia, simba ni wake zaidi kuliko mimi niliyelipa elfu kumi. Akiondoka yeye, nani atampigia simu mchungaji wa boma linalofuata? Binti wa mapokezi?

Haya, mlioniandikia mnataka bei. Msiende wawili, gari ni lile lile mkiwa wawili au sita, jazeni viti. Getini keshi hawapokei, malipo mwachieni dereva ayamalize mapema, na kuna ada yake ya gari kushuka kreta. Loji ziulizeni bei ya Watanzania kwa mdomo, maana bila kuuliza mtatajiwa ya dola. Nendeni masika, Aprili na Mei, watasha wanapungua na bei zinashuka, ila matope ni ya kwenu. Mkikosa kabisa hela ya loji laleni Karatu, gesti za bei ya kawaida zipo, mnaamka saa kumi alfajiri. Koti. Soksi. Sketi iacheni Temeke.

Na mkisindikizwa usiku na kijana mwenye tochi, muulizeni ng'ombe wa kwao wanaendeleaje. Mwambieni yule wa kelele za nyoka anamsalimia.

Wiki ijayo tunarudi mjini: kwa nini fundi cherehani wako kila siku anasema "njoo kesho"?