Mtoto asingoje kufungwa kamba ndipo afikishwe hospitali

Mtoto akishikwa na malaria mjini Goma, Bukavu ao Beni, mzazi anajua pa kwenda: kituo cha afya cha mtaa. Lakini mtoto huyo akianza kuamka usiku akipiga kelele, akikataa kula, ao akikojoa kitandani akiwa na miaka 12, mzazi hajui abishe mlango gani. Wengi wanaanza na fimbo, kisha chumba cha maombi, kisha mganga wa kienyeji. Hospitali inakuja mwisho, pesa zikiwa zimekwisha na mtoto akiletwa amefungwa kamba.

Si kwamba huduma hazipo kabisa. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, na wanaofanya kazi humo wanastahili heshima. Lakini kwa familia ya Shabunda ao Walikale, kufika huko ni safari ndefu ya njia mbovu na ya hatari. Tena kuna haya: anayeonekana kwenye lango la kituo cha namna hiyo, kesho mtaa mzima unamwita mwenda wazimu. Kwa msichana wa miaka 16, jina hilo linaweza kumfuata hadi siku ya ndoa.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima, pamoja na nchi zenye amani. Hapa kwetu, mtoto aliyezaliwa Beni mwaka 2014 alikuta mauaji ya raia, akapitia Ebola kati ya 2018 na 2020, na mauaji hayajaisha. Mwenzake wa Goma alikimbia Nyiragongo mwezi wa tano 2021, kisha akaona maiti barabarani mwezi wa kwanza 2025.

Wengine watasema: watu wana njaa, nyinyi munazungumzia akili? Swali ni la haki. Lakini mtoto asiyelala usiku hasikii somo mchana. Mwalimu anamwita mvivu, anarudia darasa, anaacha shule, na wenye silaha wanajua pa kumpata.

Mashirika ya misaada yamesaidia sana, hasa katika kambi za wakimbizi. Ila mradi una tarehe ya mwisho, ugonjwa hauna. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, kazi nyingi zilisimama katikati. Mtoto aliyeanza kumzoea msikilizaji wake hakupewa hata nafasi ya kumuaga.

Kwa hiyo huduma ianzie pale mzazi anapopajua tayari. Kila kituo cha afya kiwe na muuguzi mmoja aliyefundishwa kutambua na kusaidia watoto hawa. Tangu 2008 OMS ina mpango wa kufundisha wauguzi wa kawaida kazi hiyo, hatuhitaji kungoja wataalamu ambao nchi haina. Kwenye kituo cha kawaida hakuna anayejua kama umekuja kwa homa ao kwa huzuni. Muuguzi huyo awe pia na chumba cha faragha, maana kijana hatasema mbele ya baba yake kwamba alibakwa ao kwamba anafikiria kujiua.

Dawa za kifafa zisikosekane. Fenobabitali ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, lakini bado kuna watoto wanaofungishwa wiki nzima kwa kudhaniwa wana pepo. Wachungaji wanaweza kuomba, na jioni hiyohiyo wakamtuma mzazi kwa muuguzi. Maombi na dawa havigombani.

Walimu nao wafundishwe kuuliza kabla ya kuazibu. Na wenye madaraka, wawe wa Kinshasa ao wale wanaotawala miji yetu leo, wakumbuke kwamba mishahara ya wauguzi na dawa za watoto hazina upande katika vita hivi.

Mzazi, mtoto akibadilika ghafla, weka fimbo chini kwanza. Muulize halali kwa nini, na umpe muda wa kujibu.