Kabla Hujamwambia Mteja "Lipa Tena"

Wengi wenu hapa Isiolo mnatuuliza kama kompyuta ya dukani inaweza kuomba malipo yenyewe, badala ya mteja kuandika namba ya till huku foleni inangoja. Inaweza. Fundi anaandika programu inayoita kazi iliyo kwenye seva ya mbali kana kwamba iko papo hapo kwenye mashine. Mafundi huiita RPC, na si jambo geni: Andrew Birrell na Bruce Nelson waliandika jinsi ya kuijenga mwaka wa 1984.

Shida iko kwenye hilo "kana kwamba".

Siku moja tulikuwa kwenye agroveti hapa mjini. Mzee mmoja kutoka Merti alikuwa ananunua dawa ya minyoo ya mbuzi. Karani akabonyeza, mtandao ukapotea, skrini ikaandika kwa rangi nyekundu: IMESHINDWA. Akabonyeza tena. Kumbe ombi la kwanza lilikuwa limefika, na mzee wa watu akaweka PIN mara mbili. Pesa zilirudishwa, lakini baadaye, na hizo ndizo zilikuwa nauli yake.

Kila mtu alilaumu mtandao. Sisi tunailaumu programu, kwa sababu ilidanganya. Jibu lisipokuja, kompyuta haiwezi kujua kama ni ombi lililopotea njiani au ni jibu. Ilipaswa kuandika "Bado haijulikani", kisha iulize kabla ya kurudia.

Kwenye Daraja, ambayo Safaricom iliizindua 2017, ombi likipokelewa unapewa CheckoutRequestID ya kuulizia baadaye. Na hapa ndipo mafundi wengi huteleza: ResponseCode 0 inayokuja kwanza maana yake ni ombi limepokelewa tu. Mteja hata PIN hajaweka! Anayesema ukweli ni ResultCode: 0 amelipa, 1032 ameghairi. Jibu hilo hutumwa kwa anwani ya HTTPS iliyo wazi kwenye intaneti, na kompyuta iliyo chini ya kaunta yako haina anwani hiyo. Kwa hivyo ni seva ndogo ya kupokea, au iendelee kuuliza. Kama hata CheckoutRequestID haikufika, karani aangalie kwanza meseji za till.

Mkiletewa programu, msimalizie fundi malipo yake bado. Lipeni shilingi 10, chomoeni waya wa intaneti katikati, halafu msome skrini imeandika nini.