Bi Harusi Anayesoma Hesabu Asiachishwe Chuo



Leo tunaweka kando vitambaa na singo. Tunawazungumzia wasichana waliosoma hesabu mpaka kidato cha sita, wakapata nafasi chuo kikuu, kisha posa ikaja na sharti kwamba waache. Sisi mafundi tunaowapima mabi harusi tunalisikia sana neno hili: "Angekuwa anasomea udaktari sawa. Hesabu atazipeleka wapi?"

Rai yetu ni kuwa atazipeleka kila mahali, na asiachishwe.

Chukueni aljebra ya mstari, somo linalosomeshwa mapema katika shahada ya hesabu. Sisi tuliishia sekondari na kozi ya ushoni, lakini mwanzo wake tunaujua kwa kazi yetu. Tuseme tuna mita 60 za kitambaa na saa 80 za kazi. Abaya inakula mita 4 na saa 5, gauni la mtoto mita 2 na saa 3. Tushone ngapi ngapi ili kitambaa na saa vimalizike pamoja? Jawabu ni abaya 10 na magauni 10. Hapo daftari linatosha. Lakini zikiwa aina 30 za nguo na mafundi 12, daftari linashindwa. Msichana wa chuo huzipanga namba hizo kwenye jedwali linaloitwa matriksi na kulitatua lote kwa pamoja. Hujua pia lini jawabu halipo kabisa, na yakiwepo mengi, lipi lina faida zaidi. Hiyo ndiyo hisabati tumizi.

Hata picha za harusi kwenye simu ni majedwali ya namba. Ukiigeuza picha au kuikuza, simu inapiga hesabu za aina hiyo. Benki, bima na utabiri wa hali ya hewa wanaousikiliza wavuvi wetu vyote vinawahitaji watu waliosoma haya.

Na msiseme elimu hii ni ya wageni. Neno aljebra limetoka kwenye kitabu cha Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi. Mafungu yaliyotajwa katika Surat An-Nisaa hayagawiki bila hesabu. Mwanamke anayejua kuzipiga hadhulumiwi fungu lake kwa kutojua.

Wanaodai hesabu na ndoa havikai pamoja wamtazame Maryam Mirzakhani, binti wa Tehran. Mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hesabu iliyoanza kutolewa 1936. Wakati huo alikuwa tayari ni mke na mama.

Hatusemi msiolewe. Ndoa ni kheri, na sisi riziki yetu inatoka humo. Tunasema mpange. Hesabu hupandana kama matofali. Ukikosa wiki tatu za matriksi, yanayofuata yote yanakuwa giza. Basi harusi iwekwe wakati wa likizo, mbali na mitihani. Sherehe ya siku tatu isile muhula mzima.

Jambo la masomo lisemwe mapema, kabla mahari haijapokewa. Walii aliseme mbele ya upande wa mume, makubaliano yaandikwe, na sheikh aulizwe namna bora ya kuyaweka. Ada italipwa na nani? Mtoto akija, nani atamlea saa za vipindi? Mama mkwe naye asikie, maana mara nyingi yeye ndiye atakayebaki na mjukuu.

Mchumba anayekutaka kwa kheri hataogopa miaka mitatu ya shahada. Anayeiogopa, ni bora mumjue sasa, nguo ikiwa bado haijakatwa.

Allah awajaalie elimu yenye manufaa na ndoa zenye utulivu. Amin.