Mitungi ya maabara inunuliwe

Watoto wa kaunti za Migori na Homa Bay waliougua kuhara walikuwa miongoni mwa 8,266, kutoka nchi 7, walioshiriki jaribio la antibiotiki ya azithromycin lililoanza 2017. Ilipoongezwa kwenye ORS na zinki, haikupunguza vifo kwa kiwango cha kutegemewa. Tunawashukuru wazazi wao. Jibu hilo lina thamani kubwa.

Hata hivyo Flagyl, antibiotiki nyingine, ingali inanunuliwa dukani bila cheti cha daktari, tumbo likisokota tu. Bakteria inaowalenga hawaoti penye oksijeni. Maabara huwaotesha ndani ya mtungi uliozibwa kabisa, kwa saa 48 hivi, ndipo ijulikane dawa gani inawaua. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, kidonda kikitunga usaha, anastahili kipimo hicho. Kaunti zote mbili ziitengee mitungi hiyo fedha katika bajeti ijayo.